Madaftari ya Jumatano

Siku niliyokabidhi ofisi nilitoa funguo mbili. Wa mlango ulipokelewa, ukasainiwa. Wa kabati, wewe uliyechukua nafasi yangu uliugeuzageuza mkononi ukaniuliza, "Na huu ni wa nini, muganga?" Nikakuambia nitakuandikia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na pikipiki ya kunirudisha nyumbani ilikuwa inanguruma getini. Sasa nimekaa, nimekunywa chai, na sina pa kukimbilia. Haya ni yako, na ya vijana wenzako mtakaokaa katika kile chumba cha mwisho cha kituo cha afya, chenye dirisha linalotazama vyoo.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofanyia kazi pale. Ripoti nimeandika za kutosha kwa lugha nyingine, na sijawahi kukutana na aliyezisoma.

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikasomea unesi huko, na familia yetu iliporudi Rwanda nikapangiwa Gisenyi. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya benchi lililojaa akina mama, nikawakaribisha kwa heshima zote na kuwaomba wawe na subira. Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Huyu anaongea sawa radio." Benchi zima likacheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho mtu kucheka katika chumba kile kabla ya saa sita mchana.

Aliyenipokea alikuwa nesi Séraphine, mama mnene mwenye miguu mibovu, aliyerudi kutoka Kongo na watoto watano na cheti kimoja. Nilivaa koti jeupe nikataka kuanza kazi. Yeye akanisogezea kiti. "Leo hautibu mutu," akasema. "Kaa hapa, sikiliza."

Nikasikiliza mpaka kichwa kikauma. Kitengo chetu kilipokea watoto wenye matatizo ya akili na tabia, lakini watoto wenyewe walikuja kwa nadra. Waliokuja ni mama zao. Kuna aliyelala na visu vyote vya jikoni chini ya godoro lake. Kuna ambaye mwanawe alichoma matandiko mara tatu, na wa tatu alikuwa amekuja tu kuuliza kama ni dhambi kumchukia mtoto uliyemzaa. Daktari wa akili alifika mara moja kwa mwezi, kama barabara ilimruhusu. Siku nyingine zote dawa yao ilikuwa sisi wawili na lile benchi.

Séraphine ndiye aliyeanzisha madaftari, na hakuyatoa kwenye semina yoyote. Aliona kwamba mama akifika getini anamsimulia mlinzi, kisha anamsimulia wa dirisha la mituweli, ile bima ya afya, kisha mwanamke anayefagia, na akifika kwetu amekwisha kuchoka na hadithi yake mwenyewe. Siku moja akachukua daftari la shule la mtoto wake, likiwa halijaandikwa kitu, akampa mama mmoja. "Yote ya nyumbani weka humu," akamwambia. "Mercredi uniletee wewe, hapana kaye. Kaye ibaki nayo." Hivyo Jumatano ikawa siku ya madaftari, na akina mama wenyewe wakawa wanaita hivyo, siku ya kaye.

Kuna mambo madogo ambayo hamtayakuta kwenye mwongozo. Toeni daftari jembamba. Nene linamtisha mtu, anaona kurasa zote zile na kufikiri balaa lake lina safari ndefu. Kalamu ifungeni kwa uzi kwenye daftari lenyewe, maana katika nyumba yenye watoto kalamu haimalizi siku mbili. Mama aandike kabla ya kuwasha jiko la jioni, kwa sababu baada ya hapo siku si yake tena. Mistari mitatu inatosha: kilichotokea leo, kilivyoniuma, na nilichojizuia kufanya. Huo wa tatu ndio uliowasaidia wengi. Nimewaona wakijivunia maneno mawili tu, "sikumupiga leo", na mimi nikajivuna pamoja nao.

Hawakutii wote. Mmoja aliandika nyimbo za kwaya. Mwingine, wa Cyanzarwe, aliniambia bila aibu kwamba alijaza daftari lote kwa neno moja, nimechoka, kutoka jalada hadi jalada. Nilidhani ametudhihaki. Séraphine akampa la pili.

Na msidanganyane: daftari haliponyi mtoto. Mtoto anayevunja vyombo ataendelea kuvunja vyombo. Nilichokiona kwa miaka yote ile ni mama anayeweza kuamka kesho yake akavumilia tena, na mara nyingi hapo ndipo kazi yetu iliishia. Mkitaka zaidi ya hapo mtaumia, kama nilivyoumia.

Séraphine alistaafu akaniachia chumba. Mwaka uliofuata likatokea jambo la mama wa Rubona. Mume wake aliliona daftari lake kwenye kapu la nguo. Ndani mlikuwa na mambo ya mtoto wao wa kwanza, na mambo ya mume pia, maana mama akianza kuandika haandiki ya mtoto peke yake. Yule bwana akalibeba hadi kwenye mkutano wa jioni wa wazazi wa mtaa, akasimama akasoma kwa sauti mbele ya majirani. Alifika ukurasa wa tatu ndipo wakamkalisha. Mama yule hakurudi kwetu kwa mwaka mzima, na aliporudi alikaa mwisho wa benchi akaniambia, "Ulinipatia kitu ya kunipigia."

Sikusahau sentensi ile. Nikaomba kabati, nikasubiri sana, likaja kabati la chuma lililokuwa na kutu upande mmoja. Nikanunua kufuli mwenyewe. Ukutani nikabandika karatasi: DAFTARI NI LA MAMA. MTU WA NYUMBANI HALIGUSI. MUGANGA HALISOMI. Asiye na pa kuficha daftari lake alilihifadhi kwetu, na ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Semina moja Kigali walinisifu kwa utaratibu ule. Nilirudi nikitembea kifua mbele, Mungu anisamehe.

Sasa nakuja kwa Mama Divine, ambaye ndiye sababu ya maandishi haya.

Aliishi Mbugangari. Kila asubuhi alijaza karoti na kabichi za Cyanzarwe kwenye beseni na kuvuka nazo barriere ndogo, kizuizi cha mpakani, kwenda Goma, na alasiri akarudi na beseni tupu. Mumewe alikuwa amevuka mpaka huohuo akabaki huko na mke mwingine. Tangu siku hiyo binti yao wa pekee, Divine, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliacha kusema na mama yake. Hakuwa bubu, dukani alisema, na wenzake alisema. Ndani ya nyumba, kimya. Akaacha shule, ambako alikuwa wa kwanza kwa mwandiko. Vitu vikaanza kupotea nyumbani. Naye akaanza kuvuka kwenda Goma kwa kujichanganya na akina mama wa mizigo, siku mbili, siku tatu, kisha anarudi bila maelezo. Alipoletwa kwangu alikuwa na kumi na minne, akakaa kwenye kiti saa nzima akitazama vyoo.

"Mi naogopa kitu moja tu," Mama Divine aliniambia. "Siku moja atavuka, harudi. Ingine yote naweza."

Nikampa daftari. Hakujua kuandika, kwa hiyo Jumatano yeye alisema, mimi nikaandika. Haikwenda. Alitazama kalamu yangu kama mtu anayehojiwa polisi. "Leo ilikuwa tu vile," alikuwa akisema, basi. Baada ya majuma machache akaniomba alipeleke daftari nyumbani. Nilikubali, sikuuliza ataandikiwa na nani. Benchi lilikuwa limejaa.

Kuanzia hapo akabadilika. Miezi miwili alikuja na kitambaa kipya kichwani na daftari ndani ya beseni, akaongea na wenzake, akanishika mkono wakati wa kuaga. Divine hakuwa amevuka hata mara moja. Niliandika kwenye ripoti kwamba mbinu inafaa.

Kisha Jumatano moja alipoinama kutua beseni, daftari likaanguka sakafuni likafunguka. Nikaona mwandiko wa mviringo, mzuri, wa mwanafunzi, na pambizo zimepigwa kwa rula.

"Nani anakuandikia, mama?"

"Divine."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Divine mwenyewe? Unamwambia mambo yake, yeye anaandika?"

"Si yeye njo anajua kuandika mu nyumba? Mi narudi ku soko, nakaa hapa, ye anakaa pale. Mi nasema, ye anaandika. Hatugombane." Akacheka kidogo. "Mi nasema kidogo, ye anaandika mingi. Nazani kuandika iko vile."

Ilinipasa nisimame hapo kwenye maneno hayo. Yalikuwa mbele yangu, yamesemwa wazi. Mimi nilikuwa namwona mama wa Rubona. Nilimwona mtoto wa miaka kumi na minne akiandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ni mwizi, kwamba amemshinda mama yake. Nikamwonyesha karatasi ya ukutani, ambayo hakuweza kuisoma. Nikamweleza kwa upole kwamba daftari ni siri yake, kwamba mtoto hatakiwi kubebeshwa, kwamba ni hatari kwao wote wawili.

"Lakini, muganga," akasema, "ile saa njo saa moja tu ye anakaa na mimi."

"Kaeni pamoja kwa mambo mengine," nikamjibu. Nilikuwa na akina mama tisa nyuma yake.

Aliokota daftari sakafuni. Halafu akasema, "Bon, sawa. We njo ulisoma." Akaniachia daftari. Nililifunga kwa utepe, nikaandika jina juu, nikaliweka kabatini, nikageuza ufunguo. Sikulifungua kulisoma, maana utaratibu ulikataza, na utaratibu niliuandika mimi. Nikampa jipya, tukarudi kwenye kalamu yangu. Akarudi kwenye "leo ilikuwa tu vile".

Jumatano ya tatu alikaa, akaweka mikono mapajani, akasema, "Andika: Divine hayuko."

Alimtafuta kila siku na beseni lake kichwani. Jumamosi moja, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, nilivuka naye. Tulizunguka mtaa wote wa Birere, tukionyesha picha ya shule kwa watu waliokuwa wanahesabu mifuko yao ya makaa na hawakuinua macho. Njiani kurudi hakunilaumu. Heri angenilaumu. Miezi mitano baadaye Divine alionekana: alikuwa kwa mwanamke anayeuza wali na maharage karibu na soko, akiosha sahani. Mama yake alimwita. Divine aliinuka, akamsalimu kama anavyomsalimu mteja, akarudi kwenye sahani. Hakurudi nyumbani tena.

Nilijiambia angeondoka tu. Watoto wa umri ule wanaondoka, niliona wengi. Nikafunga faili kwa maneno yanayotakiwa, nikaendelea na wengine. Miaka ikapita kama inavyopita kazini, kwa Jumatano. Wengine walipona, wengine walikua tu, na kwa mbali ni vigumu kutofautisha. Mimi nikapata miguu mibovu kama Séraphine.

Juma langu la mwisho niliamua kulimaliza kabati. Niliwatumia ujumbe akina mama waje kuchukua madaftari yao, au waniambie niyachome. Wengi walisema choma. Mmoja aliomba nimpigie picha jalada tu. Mama Divine alikuja mwenyewe, Jumatano, akitoka moja kwa moja mpakani na beseni tupu. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotazamia, na nadhani naye aliona hivyohivyo kwangu.

Nilimuuliza habari za Divine.

"Iko kule kule. Sasa anauza ye mwenyewe, iko na meza yake. Ana miaka makumi mbili na moja." Akatua beseni. "Kila siku napita. Namusalimia, ananisalimia. Basi, napita."

Nikampa daftari. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akanirudishia. "Nisomee."

"Mama, mimi huwa sisomi."

"Ni yangu?"

"Ni lako."

"Basi soma."

Nikavaa miwani. Utepe ulikuwa umekauka, ulikatika wenyewe. Nikaanza ukurasa wa kwanza wa Divine, nikisoma polepole kwa ule mwandiko mzuri:

"Leo Divine amechukua roba yangu ya njano. Hasemi amepeleka wapi."

Chini ya habari hiyo ya gauni palikuwa na mstari mwingine, herufi ndogo zaidi. Nikausoma pia kabla sijafikiri:

"Ilipasuka ku mukono. Nimepeleka kwa fundi. Atakuletea samedi."

Mama Divine akainua kichwa. "Hiyo mi sikusema."

"Ndiyo. Hukusema."

"Nani anasema?"

Nikageuza ukurasa. Ilikuwa hivyo kurasa zote. Mstari wa mama, na chini yake mstari mdogo.

"Leo hakula chakula yangu."

"Ilikuwa kidogo. Nilikuachia, ulikuwa umechoka."

"Leo nilitaka kumupiga. Sikumupiga."

"Niliona, mama. Merci."

Mama Divine alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. "Yesu wangu," akasema. "Ile roba fundi aliileta ye mwenyewe, ile Jumamosi. Mi nikazani Divine alimuuzishia, fundi akanihurumia. Nikamutukana Divine, muganga. Juu ya ile roba nilimutukana sana."

Mtoto aliyeacha kusema na mama yake alikuwa akimjibu kila jioni, miezi miwili, kwa maandishi ambayo mama hawezi kuyasoma. Aliyeweza kuyasoma ni mmoja tu, na daftari lililetwa kwake kila Jumatano. Sidhani Divine hakulijua hilo. Nadhani alilijua vizuri kabisa.

Ukurasa wa mwisho hauna mstari wa mama. Uko mmoja tu, umeandikwa katikati:

"Kesho mercredi. Mama, mwambie muganga kaye inaisha. Atupatie ingine."

Ndiyo Jumatano niliyolifungia kabatini.

Niliomba msamaha. Nililia pia, sioni haya kuandika, mzee wa umri wangu na koti la serikali. Mama Divine hakulia. Alisema, "Soma tena ile ya mwisho," nikaisoma tena, na mara ya tatu alikuwa akiisema pamoja nami, amekwisha kuishika.

Nilichukua daftari jipya na kalamu, nikakaa sawa, tayari kumwandikia lolote atakalotaka kumwambia binti yake. Ndicho nilichojua kufanya.

"Weka ile kalamu, muganga," akasema. "Nipatie tu kaye. Tupu."

Nilifunga kalamu kwa uzi kwenye daftari, kama alivyonifundisha Séraphine, nikampa. Akayaweka yote mawili ndani ya beseni, la zamani na jipya, akayafunika kwa kitenge atakachotandika chini ya karoti za kesho. Akainua beseni kichwani, akaondoka.

Sijui kilichotokea baada ya hapo. Kesho yake mpaka ulikuwa wazi, hilo najua. Sijapita Mbugangari kuuliza, nami sijiamini kama nina nguvu za kusikia jibu, lolote lile.

Kwa hiyo ufunguo ulionao ni wa kabati tupu. Karatasi ya ukutani niliibandua mwenyewe; wekeni yenu mkitaka, lakini acheni nafasi chini yake. Na mama mmoja wa Mbugangari, mrefu, mwenye beseni, akija dirishani siku ya Jumatano akaomba kaye ingine, msimuulize nani anaandika. Mpeni mbili.